Risasi za Chapa Moja

Nairobi, 4 Machi 2024

Ndugu Kipkurui,

Chamgei, hamjambo huko? Goti la Mama limepata nafuu? Mimi mzima, ila kazi imenibana. Natengeneza filamu ya ukweli kuhusu kampuni za silaha, jinsi zinavyochochea vita visiishe ili ziendelee kuuza. Nimeshapiga picha maonyesho yao ng'ambo. Sasa nataka sauti ya mzazi aliyefiwa na mwana vitani. Naomba Mama amzungumzie marehemu kakako, Kipyegon.

Nduguyo,
Joab

Bomet, 11 Machi 2024

Joab,

Tuko salama, goti limepoa. Jibu ni hapana. Tulisoma pamoja Kabianga, tukatoka na ndoto moja ya filamu. Leo wewe unapanda ndege, mimi napiga video za harusi, namwomba bibi harusi akate keki tena kwa sababu shangazi alisimama mbele ya kamera. Sawa, kila mtu na bahati yake. Lakini kaka yangu aliuawa vitani, na filamu yake nitaitengeneza mimi.

Kipkurui

Nairobi, 2 Juni 2024

Ndugu,

Hata ukinikasirikia, nauliza: mko wazima? Mama alinipigia simu mwenyewe, nikaja kumrekodi ukiwa kwa harusi Londiani. Aliniambia kwamba Kipyegon alimpigia wiki ile ya mwisho: "Mama, hawa wanaotupiga, maganda ya risasi zao yana chapa ileile ya zetu." Nilimrudia muuzaji wa kampuni yenye chapa hiyo, niliyekutana naye kwenye maonyesho. Akacheka: "Sisi hatupigani na mtu. Tunauza tu."

Ukikataa, nitaiondoa filamuni sehemu yote ya Mama.

Nduguyo,
Joab

Bomet, 20 Agosti 2024

Joab,

Huku mvua haikatiki, Mama ni mzima. Barua yako ilinichoma. Maneno hayo sikuwahi kuyasikia, na tunakula meza moja kila siku. Nikamuuliza, "Mbona ulimwambia Joab, si mimi?"

Akaendelea kumenya viazi. "Kwa mazishi wewe ulikuja na kamera, ukaniambia nisogee kwa mwanga. Joab aliweka yake chini, akaniuliza mtoto wangu alipenda nini."

Nilitaka kukataa. Niliwafikiria watu wakikupigia makofi. Lakini muuzaji acheke, na Mama anyamazishwe na wivu wangu? Usiondoe kitu.

Ila kile kipande ulichomtumia kwa simu nimekiona. Unamwita Mama. Hapo badilisha, sema jina lake, Rodah. Wewe una mama yako, Wilkista, pale Kericho. Huyu ni wangu.

Nduguyo bado,
Kipkurui