Kuusafisha Uvira kwa Ajili ya Watu wa Bukavu

Jumatatu, 10 Julai 2023

Wamethibitisha. Jumamosi familia ya Gracien inashuka kutoka Bukavu kuja kujitambulisha. Belyse, binti yangu, amenipigia simu mwenyewe. Anafanya kazi benki kule, na siku hizi anaongea nami kama anaongea na mteja — kwa adabu, haraka haraka.

Habari kubwa ni hii: huyo mchumba wake ni injinia wa barabara, na amepewa kazi huku kwetu Uvira. Bado hajajibu. Eti kwanza aone mji. Aone mji! Tangu mama Belyse atutoke, nyumba hii imekuwa kubwa mno kwangu. Nataka mtoto wangu arudi karibu. Sasa yote yanategemea Uvira ipendeze siku moja tu. Na kupendeza ndiko kusikojulikana hapa.

Jumanne, 11 Julai

Nimezunguka nikiangalia mji kwa macho ya mtu wa Bukavu. Afadhali nisingezunguka. Jua. Vumbi. Mbuzi wamelala mbele ya ofisi, na ni wao tu waliowahi kazini. Jioni, kama kawaida, tumekaa ufukweni kuangalia taa za Bujumbura. Ndiyo — kitu kizuri cha kutazama mjini kwetu ni mji wa wengine.

Lakini Bukavu nao! Matope, baridi, kupanda na kushuka milima mchana kutwa. Wasije kunichekea hapa.

Alhamisi, 13 Julai

Nimepaka geti rangi ya samawati. Nimemwomba jirani, mama Ninahazwe, asianike ndagala, dagaa zake za ziwani, mbele ya geti Jumamosi. Akaniuliza, sasa wageni watajuaje kama wamefika Uvira?

Ijumaa, 14 Julai

Upepo. Vumbi lote la mji limelala juu ya rangi mbichi. Sitaki kuandika zaidi.

Jumamosi, 15 Julai

Nimeingia chumbani, eti natafuta miwani. Wageni wako sebuleni. Niandike upesi.

Walifika jioni, wamechelewa, nywele zimejaa vumbi. Kwa desturi, watu wa kujitambulisha hawaingii ovyo. Wanasimama nje ya geti, msemaji wao anaomba njia, msemaji wetu anawasumbua kidogo kwa maneno. Msemaji wetu ni mdogo wangu Manirakiza. Mtu huyo ukimpa neno, hulipati tena. Akawauliza wametoka wapi, wanatafuta nini, nani amewaambia hapa kuna msichana. Giza likaanza kuingia, yeye bado anauliza. Ndipo Directeur akapanda kutoka ziwani.

Directeur ni kiboko wa avenue yetu, mtaa huu wa karibu na ziwa. Anafika saa anayotaka na hakuna wa kumuuliza, kama mkurugenzi, ndiyo maana tukamwita hivyo. Sisi tumemzoea: yeye na majani yake, sisi mbali naye. Geti nimepaka, njia nimefagia — na sikukumbuka kabisa kuwaambia wageni habari za kiboko!

Mama Honorine, shangazi yake Gracien, akanyoosha kidole.

"Ile ngombe ni ya nani?"

"Haiko ngombe, mama," mama Ninahazwe akamjibu, huku anakusanya ndagala zake pole pole. "Ni Directeur. Mumupishe tu."

Desturi iliishia hapo. Waliingia wote kwa pamoja: msemaji wao, kreti za vinywaji, mama Honorine na viatu mkononi. Manirakiza aliingia wa mwisho, amenuna, maswali yake hayajaisha.

Nikajua tumekwisha. Kumbe! Mama Honorine alicheka mpaka machozi. Amekula samaki wawili wa kuchoma, mikeke ya ziwa letu, na anaulizia wa tatu. Gracien habanduki dirishani, anamtazama Directeur, anasema Bukavu hawana kitu kama hiki. Nilisikia raha, raha ya kweli. Nikakimbilia jikoni kumwambia Belyse, aliyefika asubuhi, kwamba mji umefaulu.

Alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka.

"Baba, Gracien alitaka kuitika ile kazi tangu siku ya kwanza. Ni miye nilimuambia aone mji kwanza. Nilifikiri akiona vumbi ataacha."

Nikamuuliza kwa nini.

"Sitaki kurudia huku, baba. Naona mama kila fasi, hata hapa jikoni."

Mimi ni kwa sababu hiyo hiyo siwezi kuondoka. Badala ya kumwambia, nilisema nakwenda kutafuta miwani, nikaja huku. Naumia, na sina wa kumlaumu.

Sasa Gracien anagonga mlango. Sauti yake ina furaha.

"Baba, huku karibu iko parcelle yenye kuuzishwa?"

Anataka kununua kiwanja. Jikoni Belyse ameacha kuosha sahani.