Chakula cha Baada ya Treni ya Mwisho

4 Februari

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta mzima, wewe pamoja na shangazi, na kwamba kuku wake bado wanaingia sebuleni bila kubisha hodi. Mimi ni mzima na ninaendelea kuyazoea mazingira ya kazi. Nimepewa meza ya dirishani katika idara ya utafiti ya kampuni ya bima, na mkuu wa idara amekwisha kusema mbele ya wenzangu kwamba taarifa zangu zimepangika.

Lililonisukuma kushika kalamu, hata hivyo, ni sauti yako. Siku niliyoondoka nyumbani nilisimama kwenye jukwaa la stesheni nikakusikia ukitangaza treni. Utotoni mwangu sauti ile ilipita juu ya mapaa ya nyumba za wafanyakazi wa reli kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye birika, bila kukatika. Safari hii ilikwama katikati ya majina ya stesheni. Ukakohoa, ukaanza upya. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alisema, "Mzee huyu si wampumzishe." Nilihamia upande wa pili wa jukwaa.

Kwa kuwa hupendi simu, ukidai kwamba sauti ya kazi si ya kuchezea, nakutumia pamoja na barua hii makopo ya pipi za minti, zile kali. Naomba uzitumie kwa wingi.

Mwanao akupendaye

*

20 Februari

Mkurugenzi wangu,

Marahaba. Sisi wazima, kuku nao wazima, na jana mmoja ametaga juu ya redio. Barua yako niliisoma nikamaliza, nikatafuta mahali pa kutia sahihi nisipaone. Mwanangu, umeandikia ofisi au umeniandikia mimi? Shangazi yako amecheka mpaka kanga ikamvuka.

Pipi zimefika. Namumunya moja nikiamka, na nyingine kabla ya kila treni. Zinapoza koo, lakini asubuhi sauti bado inalia kama lango lisilotiwa mafuta. Maumivu sina. Ila nikiinama kufunga kamba za viatu napandwa na maji machungu mdomoni, halafu nashinda nakohoakohoa kusafisha koo. Uzee huo.

Sasa habari yenyewe. Wanaleta mashine. Treni zitatangazwa na sauti moja iliyorekodiwa, stesheni zote za njia hii, hadi huko kwako. Mkuu wa stesheni amenitetea huko juu: sauti iwe yangu, nirekodi mwezi wa sita, kabla ya kustaafu. Nikiwa bado nakwaruza siku hiyo, watamchukua kijana mmoja wa redio. Kijana ana sauti nzuri, sisemi. Lakini hajui hata treni inavyonuka.

Usiwe na wasiwasi. Nakula vizuri, wakati wetu uleule, treni ya mwisho ikishaondoka. Shangazi ananipakulia hasa, na nikishashiba napanda kitandani moja kwa moja.

Baba yako

*

3 Machi

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Baada ya salamu na kukujulia hali, naomba radhi iwapo waraka huu nao utafanana na wa ofisi; nimejaribu kuulegeza, umekataa.

Nilimweleza daktari wa kampuni yetu kila ulichoniandikia. Aliniuliza maswali mawili matatu, kisha akataka kujua unakula saa ngapi na unalala saa ngapi. Nilipomjibu, aliweka kalamu chini. Kwa maelezo yake, mahali umio unapoungana na tumbo pana msuli unaofunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Msuli huo ukilegea, asidi ya tumboni hupanda. Wengi huungua kifuani, na hicho ndicho kiungulia tunachokijua sote. Wengine hawaungui kabisa: asidi hufika hadi kooni wakiwa wamelala, ikazichubua nyuzi za sauti, wakaamka wanakwaruza. Hata hivyo alisisitiza kwamba sauti iliyokwaruza kwa muda mrefu namna hiyo lazima ichunguzwe kooni na mtaalamu, isije ikawa jambo lingine. Nawe ukianza kukwamwa na chakula, au kukonda bila sababu, usingoje hata siku moja.

Lipo jambo linalonitia aibu kuliandika. Minti huulegeza msuli huo. Pipi zile, baba, zimekuwa zikiyafungulia mlango maji machungu. Tafadhali wape watoto wa jirani.

Alishauri pia uinue kitanda upande wa kichwa kwa kuweka magogo chini ya miguu yake, wala si kurundika mito, kwa sababu mito hukunja tumbo, ulegeze mkanda, upunguze mafuta na chai ya rangi nzito. La mwisho ndilo kubwa kuliko yote: zipite saa tatu kati ya chakula na kulala. Napendekeza, basi, ule jioni kabla ya zamu, na usile chochote baada ya treni ya mwisho.

Naomba unijibu mapema.

Mwanao

*

27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Najua nimekuweka roho juu. Nilianza kuandika mara nyingi, nikachana.

Hospitali nilikwenda. Waliniingiza mpira wenye taa puani ukashuka mpaka kooni. Machozi yalinitoka kama ninamenya vitunguu. Hakuna uvimbe mbaya. Koo ni jekundu tu, limevimba, na ni hiyo asidi yako. Nimepewa dawa ya kumeza kabla ya kula. Pipi nimezigawa. Kitanda nimekiinua kwa vipande vya mataruma, yale magogo ya kulazia reli. Msimamizi wa njia alinikatia mwenyewe, akaniuliza kama naanzisha stesheni chumbani.

Yote nimeyafanya, isipokuwa la chakula. Hilo usiniambie tena.

Unakumbuka kabla ya kutangaza treni ya mwisho nilivyokuwa nagonga kipaza sauti kwa kidole, mara mbili? Abiria walidhani nakijaribu. Ilikuwa ni ishara kwa mama yako. Akisikia tu, anabandika sufuria. Nikifika chakula kina moto, tunakaa wawili, nyinyi mmeshalala. Mchana kutwa nazungumza na watu nisiowaona hata nyuso. Pale nilizungumza na mtu.

Tangu atutoke bado nagonga. Kufika kwangu nakula peke yangu, lakini nakula saa yetu. Sasa unataka nile jioni na kuku wa shangazi yako, halafu saa ile nikifika nifanye nini? Nitazame ukuta?

Ushauri wako ni mzuri. Ila hiyo saa niachie.

Baba yako

*

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa ofisini, ikanilazimu kwenda kusimama kwenye chumba cha mafaili mpaka uso ukauke.

Sitakubishia. Naomba tu kukueleza jambo ambalo pengine hukupata nafasi ya kuliona, kwa sababu kila jioni ulikuwa kazini.

Mama alikula nasi, jua likiwa bado juu ya mnara wa maji. Alikaa kwenye kile kigoda kifupi, akala mpaka akashiba, kisha akaosha sahani yake. Kipaza sauti kikilia ko-ko, alibandika sufuria, akajipakulia kijiko kimoja pembeni ya sahani safi na kujazia kikombe maji ya moto. Nilimwona mara nyingi kutoka mlangoni, nikijifanya nimelala. Chakula kile alikizungusha tu. Asubuhi kilikuwa cha kuku. Nilipomuuliza kwa nini apakue asichokila, alinijibu, "Baba yako akila peke yake anakula haraka. Mimi nakaa nimsikilize."

Hakuwa akila saa ile, baba. Alikuwa akikaa.

Mwanao

*

16 Juni

Mama'ngu,

Hujambo? Sisi tupo. Shangazi yako anakusalimu. Anasema kuku wa kwenye redio sasa ana vifaranga.

Barua yako niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikatembea nayo wiki nzima. Miaka yote ile nilikuwa namwambia, ongeza, unakula kama ndege. Ananiitikia tu, ee, nimeshiba. Kumbe mwenzangu ameshiba kweli! Nimecheka peke yangu chumba cha matangazo mpaka karani wa tiketi akaja kuchungulia.

Basi siku hizi nakula jioni, kwenye kigoda kilekile, magoti yanalalamika. Treni ya mwisho ikiondoka nakuja nyumbani, naweka kikombe cha maji ya moto, nakaa. Namsimulia mama yako nani kasafiri, nani kaachwa na treni. Nikipanda kitandani tumbo limeshatulia. Wiki mbili tatu za mwanzo sikuona tofauti, nikasema wameniongopea. Halafu asubuhi moja nimemwamkia shangazi yako, akageuka akidhani ni redio.

Kesho narekodi. Fundi wa mitambo kanionya, eti mashine yake inafuta kelele zote, hata pumzi. Nimemwambia tutaelewana.

Baba yako

*

9 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Salamu kwa shangazi na vifaranga. Nakuandikia nikiwa jikoni, koti la ofisi bado mwilini.

Mashine imeanza kazi leo katika stesheni ya huku kwetu. Nilitoka kazini nimechelewa. Taarifa yangu ilikuwa imerudishwa na wakurugenzi, ati ni ndefu na haina moyo. Niliketi jukwaani nikiwa nimejichokea. Treni zilikuwa zikiingia na kutoka, nawe ukizitaja moja baada ya nyingine, kila jina la stesheni likiwa zima, bila kukwaruza. Mzee mmoja alikunja gazeti lake ili asikilize vizuri.

Kisha ikafika zamu ya treni ya mwisho. Kabla hujasema neno, kipaza sauti kiligongwa kwa kidole, mara mbili. Mzee yule aliinua kichwa kukitazama, akasema kifaa ni kipya na tayari kina hitilafu. Nilimwambia hapana, ndivyo kinavyotakiwa kuwa.

Nilipofika tu nilibandika maji. Yamechemka sasa. Nimevuta kiti, nimekaa.

Mwanao