Picha ya Kifua cha Bi Tausi

Mama,

Nimekuandikia kwa herufi kubwa, kama zile za ubaoni kwenye darasa lenu la watu wazima pale Mwanga, ili usipate taabu. Najua ungeisoma barua hii kwa sauti, kidole kikifuata neno baada ya neno, na wateja wako wa dagaa wangesubiri mpaka umalize. Mwenye haraka ungemwambia akanunue kwingine.

Nianze na ya nyumbani. Nyumba ipo, bati halivuji. Sukari bado ni ya foleni. Jirani zetu wa upande wa barabarani wamehamia kijiji cha ujamaa, wameniachia jogoo wao ambaye hana adabu hata kidogo. Sehemu yako pale Kibirizi haijachukuliwa na mtu. Rafiki yako Bi Tausi alitandaza magunia yake hapo wiki ile ile uliyozikwa, na mtu akisogea anaambiwa, "Hapa pana mwenyewe." Siku moja nilimwambia, Mama Mkubwa, mwenyewe hayupo tena. Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

Mama, nimepangiwa kazi hapa hapa Kigoma. Nilipofika na treni kutoka Dar, homa ilikuwa imeshakuchukua na udongo wa kaburi lako ulikuwa umeanza kukauka. Cheti changu kilikuwa sandukuni na sikuwa na wa kumwonyesha. Wewe ndiye uliyetangaza ufukweni kote kwamba Riziki amekwenda kusomea kuona mifupa ya watu wakiwa hai. Wewe ndiye uliyeniuliza siku naondoka, kwa Kiswahili chako cha ng'ambo ya ziwa, "Mutoto, ni kupiga picha tu unaendea Dar? Kule Mwanga wapiga picha hawako?" Basi leo nakusimulia kazi yenyewe, maana kuna jambo nimelifanya, na nikikaa nalo kimya nitapasuka. Majivuno hukuyapenda kwa watoto wa wenzako. Kwa mtoto wako uliyapenda sana, usikatae.

Hospitali imenikabidhi chumba cha eksirei. Mashine ni ya zamani, inanguruma kama kinu cha kusagia mahindi kabla haijapiga picha. Mgonjwa anasimama, kifua amekibandika kwenye sanduku bapa lenye filamu, na mimi nakaa nyuma ya ukuta wenye kioo kidogo. Nasema kwa sauti, "Vuta pumzi. Zuia," kisha nabonyeza. Kwa mashine yetu picha haiji kufumba na kufumbua. Mtu inabidi atulie kwa muda wa kutaja jina lake na la baba yake. Akitikisika, akitoa pumzi, filamu inatoka na ukungu. Mbavu zinakuwa na kingo mbili mbili, mapafu yanakuwa kama moshi wa jikoni, na kidoa cha ugonjwa kikiwemo humo hukioni.

Miezi yangu ya mwanzo, picha nyingi za vifua zilitoka hivyo. Daktari wetu ni mtu mpole. Alikuwa akizipeleka dirishani, anazigeuza, anazirudisha mezani bila kunigombeza, na mimi ningependa anigombeze. Mwishowe akasema kosa si langu, mashine imechoka. Ifunguliwe, ipakiwe kwenye treni, irudishwe Dar wakaitazame. Itarudi lini? Hakuna aliyejua. Na kabla haijarudi, kila mwenye kifua kibovu apelekwe Tabora.

Fikiria, Mama. Mzee anatoka Kagunga, kutwa nzima yuko kwenye boti, anafika hapa hoi. Halafu mimi nimwambie, pole baba, sasa panda treni.

Na wa kwanza kupangiwa safari hiyo alikuwa Bi Tausi.

Alianza kukohoa kabla ya mvua. Mwanzoni alisema ni vumbi la magunia, kisha akasema ni moshi, kisha akaacha kutoa sababu. Kanga zikawa zinamshuka kiunoni. Makohozi yake yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Picha niliyompiga mimi mwenyewe ilikuwa ukungu mtupu. Daktari alisema hawezi kumwanzishia mtu sindano za miezi na miezi kwa kubahatisha, na hawezi kumwambia ni mzima kwa kubahatisha vilevile. Tabora. Bi Tausi akasema, "Siendi. Nikizidiwa huko nani ananijua?" Mama, huyu ndiye aliyekushika mkono mpaka mwisho, mimi nikiwa mbali. Niliona kabisa kwamba nikishindwa, nitamzika naye, na safari hii nitakuwepo na nitakuwa najua sababu.

Nikamwomba daktari asiifungue mashine kwanza, anipe nafasi niichunguze.

Hapo ndipo nilipokosana na kabati lako. Ndiyo, kabati la vyakula, lile la wavu wa waya, ulilonikataza hata kuliegemea. Nimekata kipande cha nyuma, si kikubwa, na sijutii. Tulifundishwa Dar kwamba ukitaka kujua kama mashine na masanduku yake ni mazima, pigia picha kitu kisichopumua. Niliuweka wavu wako juu ya sanduku la filamu, nikapiga. Nikafanya hivyo kwa kila sanduku tulilonalo. Kama filamu haikukandamizwa vizuri mahali fulani, au mashine inatetemeka, vijidirisha vya wavu vingeungana na kufifia. Nikaingia chumba cha giza, nikaziosha filamu kwenye dawa, nikazitoa zikichuruzika.

Kila waya ulionekana. Kila kidirisha, kutoka pembe hadi pembe. Hata pale ulipowahi kushona kwa uzi wa chuma baada ya paka kupatoboa, kushona kwako kulikuwa kunasomeka. Nilicheka peke yangu mle gizani. Mashine yetu ilikuwa nzima kabisa. Aliyekuwa anatikisika ni mtu.

Nikazitoa picha za zamani, nikaanza kuzitenga juu ya kisanduku cha taa, zenye ukungu upande huu, safi upande ule. Nilidhani nitakuta ukungu kwa wale wanaokohoa zaidi. Sivyo. Vijana wanaokohoa mpaka wanashika ukuta walitoka safi. Walimu, makarani, mabaharia, safi. Wenye ukungu walikuwa wazee. Babu wa Ujiji, bibi wa Kagunga, mzee wa Kibirizi. Wazee watulivu, Mama, wale wanaoingia chumbani kwa hodi na kutoka kwa shukrani. Hilo lilinitatiza. Mtu mtulivu kuliko wote anatikisikaje?

Nikamwita Bi Tausi arudie picha. Alikuja amesindikizwa na wifi yake. Nikampanga vizuri, mabega mbele, kidevu juu, nikaenda nyuma ya ukuta. Safari hii sikutazama mashine. Nilitazama uso wake kwa upande kupitia kile kioo. Nikasema, "Vuta pumzi." Akavuta. Nikasema, "Zuia." Na nilipobonyeza, mashine ikinguruma, nikaona midomo ya Bi Tausi inacheza.

Nilitoka nikamuuliza alikuwa anasema nini. Alinishangaa. Alisema, "Si umeniambia nizuie? Nimekujibu, haya mwanangu, nimezuia."

Miezi yote ile nilikuwa nasemesha wazee, na wazee walikuwa wananijibu. Wangefanyaje? Mtoto wa watu amekusalimia shikamoo, amekushika bega kwa heshima, sasa anakwambia neno, wewe unyamaze kama gogo? Vijana hawajali, ukiwaambia zuia wanazuia, basi. Lakini mzee aliyelelewa akalelewa hawezi. Pumzi yote niliyomwomba aiweke ilikuwa inatoka na hilo "haya mwanangu", na kelele za mashine zilinifanya nisilisikie. Ukungu wangu ulikuwa ni adabu ya watu.

Na nikakukumbuka, nikalia mbele ya Bi Tausi na wifi yake bila aibu. Maana wewe ndiye uliyekuwa kiboko yao wote. Mtu akikupungia kutoka kwenye mtumbwi ulio mbali, ulimjibu mpaka sauti ikauke. Muuza mafuta ya taa akipita anaita wateja wake, ulimjibu kwamba hununui, na kwa nini hununui, na watoto wake hawajambo. Nilipokuwa mdogo, nikinuna, ulinishika kidevu: "Mutu akikusemesha, umujibu. Kunyamaza ni kumutukana." Mimi niliyelelewa kwa maneno hayo nilikwenda kutafuta kosa kwenye chuma.

Kulijua tatizo ni jambo moja. Nilimwambia Bi Tausi, tafadhali, nikisema zuia usinijibu. Akakubali. Tukajaribu bila kupiga picha, na akanijibu. Tukarudia, akaifunga midomo, lakini kichwa kikaitikia na kifua kikaenda nacho. Alikuwa anaona haya, maskini, mtu mzima anashindwa na jambo dogo hivyo. Alisema, "Mdomo nimeuzuia, roho inakataa."

Ndipo nikamvuta wifi yake nyuma ya ukuta, nikamsimamisha karibu nami. Nikamwambia Bi Tausi: leo wewe husemi, huyu ndiye atakayekujibia. Nikisema neno, yeye ataniitikia kwa niaba yako, kwa hiyo hutakuwa umenikosea. Ungeona jinsi mabega yake yalivyoshuka. Kama mtu aliyetuliwa ndoo.

"Vuta pumzi." Wifi akajibu kwa sauti ya kuvusha ziwa, "Haya, anavuta!" "Zuia." "Haya mwanangu, amezuia!" Na Bi Tausi, mashavu yamejaa, macho yametoka, alitulia kama nguzo. Nikabonyeza.

Chumba cha giza kina taa nyekundu hafifu, unajua sasa maana nimekuambia. Nilikuwa naitikisa filamu kwenye dawa. Mbavu zilianza kutokea moja moja, nyembamba, kila moja na ukingo wake. Kisha moyo wenyewe. Kisha, chini kidogo ya mtulinga wa kulia, kidoa. Kidogo tu. Kwenye ile picha ya kwanza kilikuwa kimeyeyuka kwenye moshi, hata nilipoirudia kukitafuta sikukiona.

Kilikuwa kifua kikuu, kikiwa bado kichanga. Daktari alitazama picha, kisha akanipa mkono, hivi, kama wanavyopeana wanaume kwenye mkutano. Hakuna tena aliyetaja treni. Bi Tausi alianza sindano hapa hapa, kila asubuhi akishuka kwa miguu kutoka kwake, akilalamika njia nzima kuhusu mtu anayemdunga. Miezi ikaenda. Wiki iliyopita nimempiga picha ya mwisho. Mapafu yamesafika, pamebaki kovu dogo ambalo daktari anasema halina neno. Bi Tausi alitaka aione. Akaishika dirishani, akajitazama ndani kwa ndani, akakutaja, "Feza angeiona hii, angesema nimekonda hata mifupa." Kisha akarudi kwenye magunia yake Kibirizi, na sauti yake inasikika tena mpaka kwenye boti.

Chumba changu siku hizi kina kelele, Mama, ungekipenda. Kila mzee anakuja na wa kumjibia. Wa vijijini wanajibiwa kwa Kiha, wa Ujiji kwa Kiswahili, na juzi mama mmoja wa ng'ambo alijibiwa kwa maneno yako yale yale, nikalazimika kuangalia pembeni kidogo. Kuna babu alifika peke yake, hana mtu. Daktari alikuwa anapita. Akaingia nyuma ya ukuta na koti lake jeupe, akajibu, "Haya mwanangu, nimezuia," kwa sauti ya kizee kabisa. Picha ilitoka safi.

Jambo la mwisho, halafu nikuache upumzike. Kwenye pembe ya kila picha tunaweka herufi ndogo ya madini ya risasi, ya jina la mtu aliyeipiga, ili ikiwa mbaya ajulikane wa kuulizwa. Ya jina langu, R, inafanana na alama ya Kiingereza ya upande wa kulia, daktari akaniambia nichague nyingine isije ikachanganya watu. Nimechagua F. Tangu hapo kila kifua kinachopigwa picha Kigoma kina herufi ya Feza binti wa ng'ambo, muuza dagaa, pembeni ya mbavu. Zinakwenda kwa madaktari wa Tabora, zinakwenda mpaka Dar, na wanaozisoma hawajui ni nani.

Wewe sikuwahi kukupiga picha. Vifua vyote hivi nimeviona, chako sikukiona, na hilo litaniuma mpaka uzeeni. Lakini ahadi yangu ni hii: picha yenye ukungu haitatoka mlango ule ikiwa na jina lako. Nitamwomba mgonjwa radhi, nitampanga upya, nitampiga tena.

Lala, Mama. Kesho asubuhi kuna boti ya Kagunga, inaleta wazee.

Mwanao,
Riziki