Kidonge Ndani ya Uji

Ijumaa, 17 Mei
Sikukuu ya taifa kwetu Norwei, na huku Antaktika giza mchana kweupe! Tumepandisha bendera kwa tochi. Nimekaanga soseji, nikatoa na aiskrimu — watu sita, nyuso za matanga. Oddvar, fundi wetu wa jenereta, hakugusa kitu. Tulipofika alikuwa akinitania mimi mpishi kutwa: supu yangu eti ingewasha jenereta bila dizeli. Sasa anatazama ukuta. Naumia. Na akizubaa yeye, tunaganda sote.

Jumapili, 26 Mei
Kila asubuhi Daktari Gunvor anatupa kijiko cha mafuta ya samaki, kisha kidonge cha majaribio. Homoni ya tezi ya shingo — eti baridi huipunguza, mtu akawa mnyonge. Nusu yetu tunameza dawa, nusu unga mtupu. Anayejua nani ana nini yuko Oslo.

Mimi sihitaji kuambiwa. Naamka nikiimba! Changu ni dawa. Oddvar, maskini, kapewa unga.

Leo changu nimekificha chini ya ulimi. Nimekisaga jikoni, nikakitia kwenye uji wake.

Ijumaa, 14 Juni
Oddvar kafufuka! Kafungua mashine aliyoapa haifunguki. Kila siku namtilia, na bakuli analilamba.
“Dada Solfrid, unatia nini humu?”
“Sukari.”
Akacheka. Nilikuwa nimekikosa kicheko kile.
Mkate umeungua. Tanuri bovu hili.

Jumapili, 23 Juni
Oddvar halali. Kamrushia mkuu wa kituo spana, kisa mlango. Mkate umeungua tena.

Jumanne, 2 Julai
Nimelia. Vitunguu, nilimwambia Gunvor. Sikuwa nimemenya vitunguu.

Alhamisi, 4 Julai
Oddvar kaanguka kwenye jenereta, moyo unamwenda mbio. Gunvor kapiga simu Oslo. Jibu: anameza dawa halisi, tangu mwanzo! Ila kipimo kidogo, peke yake hakimfikishi mtu hapo.
“Umeiba za nani?” Gunvor alimfokea.
“Naapa, kimoja tu kwa siku!”
“Mwongo mkubwa we!”
Wamemfungia chumbani.

Kumbe dawa alikuwa nayo. Huzuni ilikuwa yake mwenyewe, na mimi nikamwongezea sumu. Nilifungua mdomo niseme. Nikaufunga, nikaenda kusugua sufuria. Siku hizi kichwa kizito, sijui kwa nini.

Au najua. Toka niache changu.

Jumanne, 9 Julai
Tangu siku ile uji wake ni uji mtupu. Lakini sasa Oddvar kagoma kula, anasema tunamtilia kitu. Wanamwita mwendawazimu. Kesho Gunvor anamchoma sindano ya kumlaza, na moyo wenyewe ndio ule.

Asubuhi Gunvor kaja jikoni, kachoka, hana tena ukali. “Mpikie wewe, mwenzangu. Anasema mkono anaouamini humu ndani ni wako tu.”

Nimepika. Taa sikuwasha, naandika kwa tochi. Bakuli liko mbele yangu, uji umeganda juu. Ni kunyanyuka tu, nimpelekee, na nimwambie Gunvor. Hatua chache. Miguu haitaki.

Gunvor yuko mlangoni. Anauliza mbona nimekaa gizani —