Ng'ombe Wanne wa Bwana Wario

Jumatatu, 7 Machi 1966

Nimechapa muhtasari wa kikao cha Februari tangu asubuhi. Utepe wa taipureta umechoka, herufi zinatoka kama zimeandikwa na mgonjwa. Nimeomba mpya mara tatu.

Saa nne Karani Mkuu akaniita. Bwana Mwirigi ni mtu wa kwetu Meru, mwoga, ila si mbaya. Baraza limeamua kumkumbuka Bwana Wario, Mweka Hazina wetu aliyefariki mwezi uliopita kwa ugonjwa wa kifua. Alizikwa siku ileile, kama desturi ya Waislamu ilivyo, na kwa sababu ya kafyu wengi wetu hatukufika. Sasa kutakuwa na mkutano Jumamosi tarehe 26, ukumbini. Kunatakiwa kurasa mbili juu ya maisha na kazi yake. Mimi ndiye nitakayeziandika.

Kwa nini mimi? Kwa sababu nilikaa mlangoni mwa ofisi yake miaka minane. Miaka miwili ya kwanza nilimwogopa. Sita iliyobaki nilimpenda kama baba mdogo.

Kuna sharti. Siku hizi za vita vya mashifta watu hawakusanyiki bila ruhusa. DO, afisa wa wilaya, lazima aisome karatasi kwanza.

Jumanne, 8 Machi

Nimefungua faili lake. Karani msaidizi kwenye karantini ya mifugo. Karani. Karani mwandamizi. Msaidizi wa Mweka Hazina. Mweka Hazina. Basi. Miaka thelathini kwenye mistari mitano.

Haisemi popote kwamba kila mwaka alisoma makadirio ya baraza sokoni, kwa Kiborana, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, akiwa amesimama juu ya kreti la soda, ili mama muuza maziwa ajue ushuru wake umeenda wapi. Wala haisemi kwamba diwani mmoja alipotaka gari, Bwana Wario alimjibu kwa upole kwamba gari hilo tayari limenunuliwa, ni kisima, yuko huru kulipanda.

Alicheka mwenyewe kabla hajamaliza. Hakuwahi kumaliza utani wake hata mmoja.

Jumatano, 9 Machi

Kwa Mama Halima, mjane wake. Chai ya maziwa ya ngamia, vikombe vitatu, hakuna ruhusa ya kukataa. Nilienda na huzuni yangu tayari usoni. Hakuitaka. Alitaka kuongea.

Kasema mumewe hakuweza kupita kundi la mbuzi bila midomo kucheza. Njiani kwenda msikitini alihesabu hatua, na akikutana na mtu wa kumsalimia anarudi nyuma kuanza upya. Kwenye harusi yao aliwahesabu wageni, akawaambia wapishi wapunguze sufuria moja ya wali. Wali ukatosha sawasawa. Mama mkwe hakumsamehe.

Nikauliza aliingiaje kazi ya serikali. Mtoto wa wafugaji wa Gotu, hakuwa na shule. Mama Halima hajui. Anajua tu kwamba wakati huo Wario na kaka yake Boru walinuniana mwaka mzima, na kila alipouliza sababu, mumewe alicheka akatoka nje.

"Muulize Boru," kaniambia. "Mimi nimeuliza miaka thelathini."

Jumatatu, 14 Machi

Mzee Boru bado yuko Gotu na mifugo yake. Hawezi kuingia mjini bila kibali. Lakini Jumatatu anaruhusiwa kufika soko la Ngaremara, nje ya mji, kuuza ngozi. Nikapanda lori la polisi lililokuwa linapeleka mahindi. Askari mmoja alinipa kofia yake nisiungue na jua. Kubwa, inanuka tumbaku. Nilionekana kichekesho.

Mzee Boru ni Wario aliyerefushwa. Miguu mirefu, masikio yaleyale. Tukasalimiana, tukakaa kwenye kivuli cha kibanda cha chai. Nilipomwambia nataka habari za mwanzo, aliangalia barabara, akaangalia askari, kisha akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka.

Habari yenyewe ni hii. Miaka ya wazungu, watu wa kodi walikuja Gotu kuhesabu ng'ombe. Baba yao akawaambia wanawe wawili wafiche sehemu ya kundi korongoni, kwenye vichaka vya mikoma. Wario alikuwa na miaka kumi na saba hivi. Ni yeye aliyechagua korongo, na alilichagua vizuri. Karani wa kodi akahesabu waliobaki, akaandika, akafunga kitabu. Mambo yamekwisha. Wario kasimama pale, anatokwa jasho. Karani kakosea. Kaacha ng'ombe wanne waliokuwa palepale mbele yake.

Na Wario akashindwa kuvumilia. "Umeacha wanne," akasema.

Baba akageuka jiwe. Karani akarudia hesabu. Kweli, wanne. Mzungu aliyewaongoza akauliza kijana amejuaje. Wario, ambaye hakujua kusema uongo kuhusu idadi, akataja kila mnyama kwa rangi na pembe. Alianza na waliokuwa pale. Halafu, kwa sababu hesabu nusu si hesabu, akaendelea na wa korongoni.

Baba alitozwa faini. Wario alipewa kazi. Waliondoka naye siku ileile, akiwa nyuma ya lori na kitabu mkononi ambacho hakuweza kukisoma.

"Mwaka mzima sikumsemesha," Mzee Boru kasema. "Halafu akanitumia blanketi. Zuri. Nikamsamehe."

Nimecheka mpaka mwenye kibanda akaniletea maji.

Jumanne, 15 Machi

Nimeandika. Kurasa mbili na nusu, kwa furaha tupu. Nikampelekea Bwana Mwirigi.

Akasoma hadi korongoni, akaweka karatasi chini. Anataka hiyo sehemu itoke yote. Nikamwambia ndiyo mwanzo wa kila kitu. Akafunga mlango.

"Kanana, soma hii kama DO. Mborana. Gotu. Anaficha mifugo serikali isione. Nani atakumbuka ni miaka ya wazungu? Na kaka yake bado yuko hukohuko, na ameomba kibali cha kuja mkutanoni."

Ana haki. Juzi tu mtu kapelekwa kituoni kwa sababu alikuwa na viatu vipya, wakasema kapewa na mashifta.

Nikachapa nyingine. Amezaliwa, ameajiriwa, amepandishwa cheo. Kurasa mbili kamili. Imekufa kabla ya kutoka kwenye mashine.

Alhamisi, 17 Machi

Nikampelekea Mama Halima zote mbili. Hasomi, kwa hiyo nilisoma kwa sauti. Ile fupi aliisikiliza kwa adabu. Ile ndefu, tulipofika "umeacha wanne," alishika kiti. Halafu akacheka namna ambayo sijawahi kuona mwanamke mzima akicheka, shuka mdomoni, machozi yanatoka. Miaka thelathini alikuwa akilisubiri jibu hilo.

Nikamweleza hofu ya Bwana Mwirigi. Akajifuta machozi.

"Mtu wa ile karatasi fupi simjui," kasema. "Msinikusanyie watu kumkumbuka mgeni."

Nikamuuliza, na Mzee Boru je? Akasema Boru kanipa habari hiyo akiwaona askari kwa macho yake. Si mtoto.

Nimerudi nyumbani na karatasi zote mbili.

Jumamosi, 19 Machi

Lori limepigwa risasi barabara ya mashariki. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Soko lilifungwa mapema. Vibali vyote vimesimamishwa mpaka DO aseme. Bwana Mwirigi anasema mkutano pengine hautakuwepo.

Nimefua. Nimepiga pasi. Nimefua tena vitu vilivyokuwa safi.

Jumatatu, 21 Machi

Kwa DO, saa tatu. Bwana Mwirigi alikuwa na kikao, akanituma na karatasi. Ile fupi. Ndefu nilikuwa nayo pia, chini yake. Sitadanganya hapa, sikuwa nimeamua. Njia nzima sikuwa nimeamua.

DO ni kijana kuliko nilivyodhani. Macho mekundu, hajalala siku kadhaa. Akanyoosha mkono bila kuinua kichwa. Mkono wangu ukatoa ile ndefu.

Akasoma. Hakucheka. Alipofika ukurasa wa pili akarudi wa kwanza.

"Huyu kaka aliyeficha ng'ombe ndiye anayeomba kibali?"

"Ndiye, bwana."

"Na umeniletea mimi hii?"

"Ndiyo, bwana. Ndivyo ilivyokuwa."

Akaniangalia muda mrefu. Akaiweka karatasi kwenye droo. "Rudi Alhamisi."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka tu niko nje nimeshika ile fupi.

Jumanne, 22 Machi

Nimemwambia Bwana Mwirigi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa, akasema, "Umetuchoma, Kanana. Umemchoma na yule mzee."

Sijala. Ninajiona mjinga. Ofisi yangu, mdomo wangu, lakini ngozi itakayoumia ni ya mtu mwingine. Mimi ni Mmeru, hakuna atakayekuja kuniuliza nilikuwa wapi usiku. Hilo sikulifikiria vya kutosha. Ninaliandika ili nisilisahau.

Jumatano, 23 Machi

Bado. Nimechapa barua moja mara nne.

Alhamisi, 24 Machi

Mzee Boru kapewa kibali!!

Kiko mezani kwa DO, kimepigwa mhuri, siku mbili, aje na lori la Ngaremara. Ruhusa ya mkutano pia, mchana tu, watu watawanyike saa kumi. Karatasi yangu akanirudishia. Kasahihisha neno moja nililokosea. Nikasema asante, nikageuka.

"Baba yangu," kasema nyuma yangu, "alificha mbuzi chini ya kitanda cha nyanya yangu. Walilia. Faini alilipa." Nikageuka. Alikuwa anaandika, hajainua kichwa. "Na hakuna aliyempa kazi."

Nilikimbia mpaka ofisini. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, viatu vya kisigino. Bwana Mwirigi alisoma kibali mara mbili, akaketi, akaagiza soda za watu wote. Hajawahi.

Jumamosi, 26 Machi

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wauza maziwa, wachinjaji, walimu, wauza miraa, madiwani na makoti yao. Sheikh akaomba dua. DO akakaa nyuma karibu na mlango, peke yake.

Nilisoma mimi. Kisima cha diwani kikaleta kicheko kidogo. Nikafika Gotu. Nilisikia kimya kikiingia, watu wakitafuta DO kwa pembe ya jicho. Nikaendelea. "Umeacha wanne."

Aliyecheka kwanza ni DO. Baada ya hapo ukumbi ulivunjika. Mzee mmoja alikuwa akipiga sakafu kwa fimbo. Ilibidi nisubiri.

Ndipo Mzee Boru akasimama mbele, kwa miguu yake mirefu, mkono juu.

"Watano," akasema.

Nikafikiri hakusikia vizuri. Akageukia watu. Alfajiri ile ng'ombe mmoja alizaa, na yeye, Boru, alimfunika ndama kwa ngozi ndani ya nyumba, akamkalia karibu. Wario hakumwona. Karani hakumwona. Alikaa na siri hiyo miaka yote akingoja siku ambayo Wario atajisifu kupita kiasi, amtolee. "Hakujisifu hata siku moja," kasema. "Sasa nifanye nini nayo? Nimewapa ninyi." Kisha sauti ikamkatika, akaketi, na Mama Halima akamshika begani.

Hapo ndipo nilipolia. Nilimaliza ukurasa wa mwisho hivyohivyo, pua imejaa. Hakuna aliyejali.

Saa kumi kasoro, watu bado wanasimuliana mlangoni. DO ilibidi awafukuze, kwa adabu.

Jumatano, 30 Machi

Mvua imeanza. Mzee Boru alirudi Jumapili, salama.

Nilipita kwa Mama Halima baada ya kazi. Kwenye mkutano kelele zilimnyima mwisho wa karatasi, akaniomba nimsomee tena, polepole, toka juu. Alijinyoosha mkekani. Nilisoma kisima na kuzaliwa, nikasoma Gotu, akatabasamu pale pale. Kwenye karantini akafumba macho. Nilipoinua kichwa alikuwa amelala usingizi mzito, mkono chini ya shavu.

Sikuacha. Nilisoma hadi mstari wa mwisho, kwa sauti ya chini, nikamfunika shuka, nikatoka.