Mwita, Wanataka Kupaka Rangi Ukuta Wako

Mwita,

Leo sikuiti kaka. Nilisubiri matanga yaishe, nikasubiri mvua zikatike, nikidhani hasira itapungua ndipo nikuandikie vizuri. Haijapungua. Acha nikuandikie nayo hivyo hivyo.

Naanza na wewe. Ulisema kwa mdomo wako, mbele ya watu: "Ghati, mimi mtu wa juu. Duara la dhahabu siingii." Wachimbaji wakacheka, wakakuita mwalimu. Halafu Jumanne ile asubuhi ukashuka kwenye shimo la mtu ambaye Nyamongo nzima ilijua kwamba miti yake ya kuzuia kuta imeoza. Na ulishukia nini? Ulitaka hela ya mashine mpya ya kuchezea sehemu ya saba. Sehemu ya saba, Mwita! Gemu la Wajapani! Walikufukua mpaka jua likawa utosini, na mwenye duara alikuwa ameshahamishia winchi yake shimo jingine. Juzi nilimkuta sokoni anachagua ndizi. Akanisalimia kama kawaida, na mimi nikaitikia, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Nikiulizwa kaka yako alikufaje, nasema kifusi. Habari ya sehemu ya saba siwezi kumwambia mtu.

Wenzako wenye vibanda vya gemu waliweka mpira tu. Wewe ukaweka Kisima. Jina hilo tuliipa gemu sisi wenyewe, kwa sababu kila sehemu inaanza na kisima kilichokauka na mtoto anayeteremka kuangalia kuna nini. Maandishi yote Kiingereza, wachimbaji hawakijui, basi ukawa unashika pedi unacheza huku unatafsiri. Mfalme wa kwenye gemu ukampa Kiswahili cha huku kwetu: "Mura, usinichezee! Toa ng'ombe kwanza ndiyo uniulize habari ya binti!" Wanaume wazima waliotoka shimoni na vumbi kwenye kope walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, kimya, wanasubiri mtoto wa Kijapani avuke daraja.

Na unakumbuka tulivyoanza vibaya? Zile CD kutoka Sirari zilikuja bila mpangilio, sisi tukaanza na sehemu ya tatu tukijua ndiyo ya kwanza. Masika yote tukashangaa kwa nini kila kijiji kwenye gemu kinamlilia mzee ambaye hatukuwahi kumwona. Halafu ikaja sehemu ya kwanza, yenye watu wenye sura kama matofali, na yule mzee ndiye mtoto mdogo anayeshuka kisimani mwanzoni kabisa. Ulilia. Ukasema ni moshi wa mama ntilie wa jirani. Siku ile mama ntilie hakuwa amewasha hata kuni moja.

Ndipo ukaenda mjini Tarime, ukakaa intaneti siku nzima, ukarudi na makaratasi. Ukachukua brashi na rangi nyeusi ukaandika historia yote kwenye mbao za ukuta. Mtu mwingine angeandika moja, mbili, tatu. Wewe ukachora mji wa mtu mwenye wake wengi. Nyumba kubwa: sehemu sita, kuanzia ile ya matofali, na ile ya pili iliyobadilisha sheria zote mpaka wachezaji wakaichukia, hadi ya sita ambayo watu wake wanaongea kwa sauti zao. Nyumba ndogo: michezo ya pembeni iliyozaliwa na hiyo, wa karata, wa mbio za kondoo, wa ngumi.

Halafu ule wa shamba. Ule hauna vita. Unalima, unachunga, unateka maji, basi. Na hawakuutengeneza watu wale wale. Wenye Kisima walichoka, wakaipa kampuni nyingine jina lao, ikawazalia. Juu yake ukaandika: nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume akitoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, watakaozaliwa ni wake na wanabeba jina lake, hata mbegu itoke wapi.

Mimi nikakataa. Nilisema mbele ya wateja: "Huo si Kisima. Umetengenezwa na watu baki. Futa."

Ukasema: "Jina limetoka wapi? Ng'ombe zimetoka wapi? Basi ni mtoto wa hapa."

Sikukubali. Wiki nzima tukabishana, wachimbaji wakagawanyika, wengine upande wako, wengine wangu. Mwisho ukatupa pedi chini, wewe ambaye hukuruhusu mtu aishike kabla hajanawa. Nikakwambia kichwa chako kimejaa tope. Jumanne ile ulipopita mlangoni ukasema naenda mara moja, mimi nilikuwa bado nimenuna. Sikuuliza unaenda wapi.

Sasa sikia. Baba mdogo Marwa aliitisha kikao cha ukoo. Kibanda anampa mnunuzi wa dhahabu, ataweka mizani yake na meza, na ukuta utapakwa rangi nyeupe. Nikasema kile kibanda tulikianza wawili, mabati niligongelea mimi, mbao nilishika mimi. Hakunitazama hata usoni. Alisema, "Wewe ni wa kwa Nyangi. Yule bibi alioa mama yako tu. Mambo ya ukoo hayakuhusu."

Mwita, nilikaa pale kama nimemwagiwa maji. Bibi Nyangi, mke wa babu, alimwoa mama yangu, ndiyo. Nilizaliwa katika nyumba hiyo, nalijua hilo tangu nipate akili, na wewe wa nyumba kubwa uliniita dada tangu tunachunga mbuzi. Na mimi, mimi mwenyewe, wiki nzima nilikupigia kelele ufute nyumba ntobhu ukutani. Wewe hukuwa unabishania gemu. Kwa nini hukusema? Uliongea kwa vinywa vya wafalme na majini, kwa kinywa chako ukashindwa kuniambia neno moja? Nimekukasirikia kwa hilo kuliko kwa duara.

Nikasimama. Nikamuuliza baba mdogo swali lako: "Ng'ombe zilizomwoa mama yangu zilitoka zizi gani?" Kila mtu pale anajua zilitoka zizi la babu, kwa ruhusa ya babu. Shangazi akakohoa. Baba mdogo akasema kikao kimekwisha, na rangi inapakwa Jumamosi.

Ijumaa saa mbili asubuhi nilifika na nyundo. Wachimbaji wako walikuwa wameshafika, sikujua nani aliwaambia. Tuling'oa ukuta ubao kwa ubao. Ubao mmoja ulipasuka, ule wa sehemu ya pili, wakasema hata ukutani haina bahati. Nilicheka, nikakasirika kwa sababu nimecheka. Bodaboda tatu zilizibeba mbao mpaka Ringwani, kwenye mji wa Bibi Nyangi, alipo mama. Baba mdogo alikuta kibanda kina kuta tatu. Amenitumia ujumbe kwamba nimeiba mali ya ukoo. Nimemjibu kwamba mali ya ukoo iko kwa ukoo, aje aione.

Nimezipigilia kwenye ukuta wa ghala, zile zile, kwa mpangilio ule ule. Televisheni ipo, mashine ya zamani ipo. Wachimbaji wanasema watakuja Jumapili baada ya ibada, huko mbali kote, na mimi nitafsiri. Mimi, nisiyejua hata kubadilisha sauti ya mfalme. Walitaka kuchanga tununue sehemu ya saba. Nimekataa, na nitakataa. Shimo lake limeshachukua mtu wangu.

Nakuahidi hivi. Jumapili naanza na ule wa shamba, ambao sikuwahi kuugusa kwa kiburi. Nitalima, nitateka maji, nitawapa wale ng'ombe majina ya Kikurya. Na mtu akiniuliza kama huu nao ni Kisima, sitamwonyesha ukuta. Nitamjibu mwenyewe kwamba ni mtoto wa hapa.

Bado nimekukasirikia. Lala, kaka.

Ghati, wa kwa Nyangi