Karatasi Niliyoijaza Juu ya Kabanga

Jumapili, alasiri. Baridi ya kiangazi imeingia hapa Kamina, Kongo. Asubuhi tulipokuwa tunakwenda kanisani pumzi ilikuwa inaonekana mdomoni, na sasa jua lipo lakini halina kazi yoyote. Nimekaa mbele ya nyumba na sweta ya marehemu Mama, simu ina chaji nusu, na juu ya kiti cha pili kuna nusu ya mkate ambayo siigusi. Nina njaa, lakini ninasubiri saa yake.

Leo nimemwona ndugu yangu.

Wiki sita sikumwona. Pale kituoni anakotunzwa sasa wanakataza wageni mwanzoni, ili mtu azoee. Walinieleza vizuri, nikatikisa kichwa, nikasema ndiyo, ni jambo la akili. Halafu nikarudi nyumbani nikawa ninatenga sahani mbili. Mtu mzima, mwalimu wa darasa la tatu, ninatenga sahani mbili na kuirudisha moja kabatini kila siku.

Kwa wasiotujua: mimi ni Mbuyi, dada yake, yeye ni Kabanga. Kwetu sisi watu wa Kasai majina hayo hayachaguliwi, ni ya mapacha. Anayetoka kwanza ni Mbuyi, anayefuata ni Kabanga. Tulifika Kamina tukiwa watoto, mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa huko kusini mwa Katanga, tukiwa juu ya mabehewa na masufuria yetu. Baba alisema tutapumzika hapa siku mbili kisha tuendelee. Siku mbili hizo hazijaisha hadi leo, na Baba tulimzika hapahapa.

Kabanga alichelewa kutoka, akachelewa kulia, akachelewa kila kitu. Mwili wake ulikua, akili yake ikabaki pale ilipokuwa tulipokuwa na miaka mitano. Sasa tumepita arobaini wote wawili. Ana ndevu zenye mvi kuliko nywele zangu, na bado anaficha vifuniko vya chupa chini ya mto.

Mama hakuwahi kuona haya juu yake. Alitulea kwa sheria ya mapacha, bila kulegeza: nikipata kitambaa, naye apate kilekile, nikipigwa, naye aguswe kidogo, ili asijione ameachwa. Alimfundisha kuteka maji, kumenya mihogo, kuosha vyombo. Kwa vyombo Kabanga alikuwa ananishinda. Sufuria akiisugua yeye, unajiona sura ndani.

Mama alipofariki, kazi yote ikabaki kwangu, na hapa nitasema nilichokuwa ninaficha hata kwa padri. Nilikuwa ninamfungia.

Anapenda treni. Treni zetu hazina saa, zina siku, na siku yenyewe haijulikani, lakini yeye kila asubuhi alitaka kwenda gare, kituo cha treni, kukaa juu ya magunia ya watu na kungoja. Siku moja hakurudi. Vijana wa pikipiki walimkuta mbali, anafuata reli kwa miguu, nyayo zimepasuka. Kuanzia hapo nikanunua kufuli. Niliiweka mlangoni nikaenda kufundisha watoto wa wenzangu kuhesabu, na ndugu yangu anapiga mlango kwa kiganja, taratibu, bila hasira. Majirani ndio walioniambia kwamba hakuwa anapiga kwa hasira. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Kwa hiyo serikali ilipofungua ile nyumba ya watu kama yeye, pale njia ya kambi ya jeshi, nililia kwa furaha. Msinicheke. Maisha yangu yote nimeona serikali ikichukua, sikuwahi kuiona ikileta kitanda, chandarua na uji wa asubuhi kwa mtu kama Kabanga. Nilisema hatimaye kuna watu wengine duniani wanaojua kwamba yupo.

Tatizo ni kwamba vitanda ni vichache na ndugu ni wengi.

Walinipa karatasi ya kujaza. Anaweza kula peke yake? Kunawa? Kuvaa? Anajua jina lake? Nilikaa nayo hapahapa nilipokaa sasa, kalamu mkononi, nikitaka kuandika ukweli kwa mwandiko mzuri. Jirani yangu Mama Selina, mke wa askari, alikuwa anasukwa nywele kwake akanyoosha shingo.

“Weye Mbuyi, uko mwalimu ao uko mujinga?” akasema. “Ukiandika anajua kunawa, batasema abakie kwenu. Andika haiwezi kitu. Banapokea benye hali mubaya tu.”

Nilimwambia aache maneno yake. Kisha nikaandika kama alivyosema.

Hawezi kula. Hawezi kunawa. Hawezi kuvaa. Hajui jina lake. Niliandika kila mstari kwa mwandiko ule wa ubaoni, na Kabanga yuko nyuma yangu anaosha sufuria. Wiki iliyofuata nafasi ikapatikana, nikamshukuru Mungu kana kwamba ni Yeye aliyejaza.

Basi leo.

Nilitoka misa nikapitia sokoni. Mkono mtupu haulambwi, nikanunua mikate miwili midogo ya mviringo, wake na wangu, maana siwezi kununua mmoja. Nimejaribu wiki hizi sita na mdomo unasema “miwili” wenyewe. Nikachukua pikipiki hadi getini. Moyo ulikuwa unanidunda kama msichana anayekwenda kuchumbiwa, na miaka yangu hii.

Nitasema haki: pale ni pasafi. Ua umefagiwa, shuka zimeanikwa, na dawa ya kifafa iko kabatini, imeandikwa majina, na la Kabanga limo. Upande wa kulia wanakaa wanaojiweza. Niliwaona wanapalilia matuta ya kabichi, mmoja anaimba, mwingine anamkaripia. Nikamtafuta Kabanga pale kwa macho. Hakuwepo.

Alikuwa upande wa kushoto, kwa wasiojiweza, amekaa ukingoni mwa kitanda na mikono juu ya magoti. Wenzake wawili wamelala wakiangalia dari. Amenyolewa ndevu. Amekonda shingoni. Aliponiona hakuruka wala hakucheka. Alinishika sikio, kama anavyofanya tangu utotoni, akalishikilia muda mrefu.

“Buyi,” akasema.

Anajua jina langu, na lake pia anajua. Mama anayewatunza alikuwa amesimama pale, akamwangalia, akaniangalia mimi.

Huyo anaitwa Mama Ngoie, mwanamke mnene mpole aliyejifunga kikwembe cha njano, mikono yake imepasuka kwa sabuni. Ningependa kumchukia lakini hakunipa nafasi. Nilimpa Kabanga mkate wake. Akautazama. Nikauweka kwenye kiganja chake. Akakaa nao hivyo hivyo, hakuupeleka mdomoni. Mama Ngoie akaja, akamega kipande kidogo, akamgusa nacho mdomoni, na ndugu yangu akafungua kinywa akalishwa. Macho yake yalikuwa kwangu muda wote.

Mtu aliyekuwa anamaliza bukari, ugali wetu, kabla mimi sijanawa mikono. Nikauliza tangu lini.

“Tangu siku ya kwanza, mama,” akajibu. “Siku mbili mzima hakugusa chakula. Sahani iko mbele yake, anaangalia mulango tu. Njo tukaanza kumulisha na kijiko. Karatasi yenu ilisema haiwezi kula ye mwenyewe. Minyi ninafuata karatasi.”

Alisema bila ubaya. Mimi nikakaa kitandani kando ya Kabanga, na nikaona mambo yote kwa mpigo mmoja: wiki sita hakuteka maji, hakuosha hata kikombe, hakuvaa shati mwenyewe, kwa sababu kuna karatasi yenye mwandiko mzuri wa dada yake inayosema hawezi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu ya kutosha kumkondesha mtu.

Sikulia. Nilipaswa kulia, lakini nilikuwa sijala tangu jana, na mtu akiwa na aibu tumbo halimngoji. Bila kufikiri nikatoa mkate wangu kwenye mfuko nikauuma.

Kabanga akauma wake.

Aliuinua mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akauma kipande kikubwa, akatafuna, akauma tena. Mama Ngoie aliacha kukunja shuka. Mimi nilikuwa na mkate mdomoni siwezi hata kuumeza.

Jamani, mimi nilisahau. Hapana, si kusahau. Ilikuwa ni kitu kidogo mno, sikuwahi kukiona. Ni sheria ya Mama: Mbuyi ndiye mkubwa, Mbuyi anaonja kwanza, ndipo Kabanga anakula. Tangu tulipoanza kula chakula kigumu, kwenye kila sahani, kwa zaidi ya miaka arobaini. Nyumbani nilikuwa ninatia tonge mdomoni bila kuwaza, naye anaanza. Nani angeandika jambo hilo kwenye karatasi? Hakukuwa na mahali pa kuliandika, na hata kungekuwepo, mimi nilikuwa nimekwisha kuandika “hawezi.”

Siku mbili nzima alitazama mlango. Alikuwa ananingoja nije nionje.

Nilimweleza Mama Ngoie yote. Yote kabisa, na Mama Selina, na kalamu, na sufuria nyuma yangu. Nilitegemea anikemee. Alifuta mikono kwenye kikwembe.

“Dirèctère iko hapa kesho asubui,” akasema. “Kuja useme kweli. Lakini nisikufiche, mama, upande ya banaojiweza umejaa. Na inje kule bantu banangojea kitanda. Sijue atasema nini.”

Mimi pia sijui mkurugenzi huyo atasema nini. Anaweza kumpeleka bustanini na kabichi zake. Anaweza pia kusema kwamba huyu hastahili kitanda cha wasiojiweza, mchukue ndugu yako, kuna mama nje ana mtoto asiyeinua hata kichwa. Na atakuwa na haki. Kitanda kile huenda nilimnyang'anya mtu, na mtu huyo leo Jumapili yuko nyumba fulani ya mji huu, na huenda naye mlango wake una kufuli.

Hapa ndipo ninapojichukia, kwa sababu nusu ya moyo wangu inaomba wamfukuze. Nataka arudi. Nataka vifuniko vyake vya chupa, nataka kelele za sufuria, nataka mtu wa kunishika sikio. Nyumba hii ni kimya mno, hata panya wamehama. Kisha ninaangalia mlango, kufuli bado inaning'inia pale kwenye kitasa, na nusu ya pili inasema: wewe Mbuyi, unamtaka yeye au unataka kupunguza upweke wako? Kule kuna watu, kuna ua, kuna mtu anayeamka naye kifafa kikimshika. Hapa kuna mimi, nikitoka shuleni saa saba mchana, nimechoka.

Ninaomba wamkatae na ninaomba wasimkatae. Mungu achague mwenyewe, mimi leo sina akili ya kuomba vizuri.

Lakini karatasi nitaiandika upya. Hilo halina mjadala. Nimeshachukua karatasi ya daftari la shule: Anaweza kula. Anaweza kunawa. Anaosha vyombo kuliko dada yake. Anajua jina lake na langu. Anapenda treni, mumwangalie. Chini yake nimeongeza mstari ambao hawakuuliza, ule wa kuonja.

Wakati wa kuaga nilimwambia Mama Ngoie juu ya chakula cha jioni. Wanakula saa kumi na moja. Nilimwomba aweke sahani mbele yake, asimlishe, amwambie tu: Mbuyi amekwisha kuonja.

“Nitamwambia,” akasema. “Lakini weye pia ukule kweli, mama. Minyi sitaki kumudanganya.”

Ndiyo maana nusu hii ya mkate wangu imebaki hapa juu ya kiti. Ninayo muda wote huu ninapoandika, na nimejizuia kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mama Selina amepita akauliza kwa nini ninaukodolea macho mkate. Nimemwambia ninangoja saa. Amecheka akaenda zake.

Sijui kesho nitarudi nyumbani na mtu au peke yangu. Sijui kama ni haki kumwomba mtu mzima ale kila siku kwa ruhusa ya dada aliye mbali, au kama siku moja itabidi nimfundishe kuanza bila mimi.

Simu inaonyesha saa kumi na moja kamili. Kule wameshaketi. Sahani iko mbele yake na anatazama mlango.

Nimeuma. Kula, Kabanga.